Uhitaji, Mahitaji na Mzigo: Namna Shirika la Umeme Linavyopangia Ongezeko la Matumizi Katika Ukanda, kwa Mfano wa Uganda

Ikisiri

Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimeongeza sana uwezo wa kuzalisha umeme katika miaka ya karibuni, na viongozi wake husema kwamba uzalishaji sasa umezidi mahitaji. Makala haya yanaeleza jinsi shirika la umeme linavyofikia kauli ya namna hiyo, na kwa nini kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli huku nyumba nyingi zikiwa gizani. Kwa kuitumia Uganda kama mfano, makala yanadai kwamba neno mahitaji, linavyotumika katika maandishi ya sera ya Kiswahili, linabeba dhana tatu ambazo mpangaji wa umeme hana budi kuzitenganisha: uhitaji wa watu, mzigo unaopimwa, na mahitaji yanayotarajiwa kununuliwa kwa bei fulani na kwa tarehe fulani. Kuzichanganya dhana hizo kuna gharama, na gharama hiyo hatimaye huonekana katika ankara ya mteja.

1.0 Utangulizi

Mnamo Septemba 2024, bwawa la Karuma katika Mto Nile nchini Uganda lilizinduliwa rasmi likiwa na mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja. Kwa bwawa hilo, uwezo wa mitambo yote ya nchi ulivuka megawati 2,000, ilhali kilele cha matumizi kilikuwa karibu nusu ya kiwango hicho. Uganda ikahesabiwa miongoni mwa nchi zenye umeme wa ziada. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kaya zake hazijaunganishwa na gridi, zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa, na wateja waliounganishwa, wakiwemo wa Kampala, wameendelea kukatikiwa umeme.

Ukinzani huu si wa kihandisi tu. Kwa kiasi fulani ni wa kiistilahi. Nyaraka za mipango ya umeme katika ukanda huu huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha maudhui yake huwafikia wabunge, madiwani na wananchi kwa Kiswahili cha hotuba na cha vyombo vya habari. Tangu wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, na baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, njia hiyo ya maelezo imepanuka. Istilahi zake bado hazijakaa sawa, na neno linaloleta tatizo kubwa zaidi ndilo lile linaloonekana jepesi kuliko yote: mahitaji.

2.0 Neno moja, dhana tatu

Katika matumizi ya kila siku, mahitaji ni vitu ambavyo mtu hawezi kuishi vizuri bila kuwa navyo. Mama anayepika kwa makaa ana mahitaji ya nishati, awe ana mita au hana. Katika uchumi, neno hilohilo limepewa maana finyu zaidi: kiasi cha bidhaa ambacho wanunuzi wako tayari kukinunua, na wana uwezo wa kukinunua, kwa bei iliyopo. Mhandisi wa chumba cha kuendeshea gridi naye ana maana yake. Kwake yeye, mahitaji ni namba inayoonekana kwenye kioo dakika hii: megawati ambazo nyaya zinavuta kutoka kwenye mitambo.

Makala haya yanapendekeza majina matatu. Uhitaji uwe ni matumizi ambayo watu wangekuwa nayo kama wangeunganishwa na kama bei ingekuwa ndani ya uwezo wao. Mzigo uwe ni umeme unaovutwa kwa kipimo, kwa saa fulani. Mahitaji yabaki kwa maana ya kiuchumi: kiasi kinachotarajiwa kununuliwa katika mwaka fulani kwa bei fulani. Neno mzigo tayari limezoeleka kwa mafundi wa umeme, ingawa nchini Uganda lina kikwazo kidogo, kwa kuwa muzigo ni jina la chumba cha kupanga katika nyumba za safu za mijini. Si kikwazo kibaya. Katika nyumba hizo wapangaji kadhaa aghalabu hushirikiana mita moja, na hapo ndipo takwimu za wateja zinapoanza kupotosha: shirika linahesabu mteja mmoja, mita inaonyesha mzigo wa kaya tano, na uhitaji wa watu wanaoishi humo haujulikani kabisa.

Kwa istilahi hizi, kauli ya mwaka 2024 inasomeka vizuri zaidi. Uwezo wa mitambo ulizidi mzigo. Haukuzidi uhitaji.

3.0 Maoteo yanavyotengenezwa

Hadi mwaka 2001 Uganda ilikuwa na bodi moja ya umeme. Kufuatia sheria ya umeme ya mwaka 1999, bodi hiyo iligawanywa katika kampuni tatu: ya uzalishaji (UEGCL), ya usafirishaji (UETCL) na ya usambazaji (UEDCL). Kazi ya usambazaji katika maeneo mengi ilikodishwa kwa kampuni ya Umeme kuanzia 2005 hadi Machi 2025, kisha ikarejea kwa UEDCL. Mpango wa gridi hutayarishwa na UETCL, ambayo kwa kipindi chote hicho ndiyo imenunua umeme kwa wazalishaji na kuuza kwa wasambazaji, na ndiyo inayouza na kununua nje ya mipaka. Mgawanyo huu una maana kwa mpangaji, kwa sababu anayeona mita za wateja si yule anayeamua njia kuu zipitishwe wapi.

Maoteo huanza na historia. Mpangaji huchukua mauzo ya miaka iliyopita kwa makundi, yaani majumbani, biashara ndogo, viwanda vya kati na viwanda vikubwa, kisha hutafuta uhusiano wake na ukuaji wa uchumi, idadi ya wateja wapya na bei. Juu yake huongeza miradi mikubwa inayojulikana, kama vile kiwanda cha saruji au chuma, au mitambo ya kusukuma maji. Kisha huongeza umeme utakaopotea njiani. Mwishowe huandaa hali tatu: ya chini, ya kati na ya juu.

Tofauti ya hali hizo huonekana ndogo katika jedwali, lakini huwa kubwa sana zikifika kwenye zege. Chukulia mzigo wa kilele wa megawati 1,000. Ukikua kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 15 utakuwa takriban megawati 2,080. Ukikua kwa asilimia 9, utakuwa takriban 3,640. Kati ya makisio hayo mawili, ambayo yote mtaalamu mwaminifu anaweza kuyatetea, kuna nafasi ya mabwawa mawili ya ukubwa wa Karuma na zaidi. Karuma yenyewe ilianza kujengwa mwaka 2013. Aliyetoa uamuzi huo alikuwa akiotea mzigo wa muongo uliofuata.

Miradi mikubwa ndiyo inayovuruga maoteo kuliko kitu kingine. Kenya ilipotangaza mwaka 2013 azma ya kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40, kilele chake kilikuwa chini ya megawati 1,500. Sehemu ya hoja ilikuwa kwamba viwanda vipya na reli ya kisasa vingevuta umeme huo. Reli ilijengwa, lakini treni zake zinaendeshwa kwa dizeli. Tanzania, kwa upande wake, imeanza kuendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Mradi wa jina moja, katika nchi mbili jirani, una mzigo mkubwa upande mmoja na hauna mzigo upande wa pili. Mpangaji anayenakili kipengele cha “reli” kutoka jedwali la jirani bila kuuliza aina ya injini hajapanga kitu.

Upotevu nao una uzito wake. Mwaka 2005 karibu asilimia 38 ya umeme ulioingia katika mtandao wa usambazaji wa Uganda haukulipiwa, ama kwa sababu ya nyaya chakavu au kwa wizi. Kwa kiwango hicho, ili uniti 100 zilipiwe, ilibidi uniti 161 ziingie mtandaoni. Upotevu uliposhushwa hadi chini ya asilimia 20, uniti 125 zilitosha. Hakuna bwawa lililojengwa kwa bei nafuu kama hiyo. Lakini upotevu unaopungua humchanganya mpangaji pia: aliyekuwa akiiba umeme huutumia kwa uangalifu akianza kulipa, hivyo mauzo hupanda huku mzigo ukipanda kidogo tu.

4.0 Kilele na saa zake

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kwa wingi kwa bei rahisi. Kwa sababu hiyo mtandao hujengwa kwa ajili ya saa mbaya kuliko zote. Nchini Uganda, bei za wateja wakubwa hugawanya siku katika vipindi vitatu: kilele, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, utulivu, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, na kipindi cha kati, mchana kutwa. Ngazi hizo za bei ni chombo cha mipango. Kiwanda kinachohamishia kazi yake usiku wa manane hakipunguzi matumizi yake hata kidogo, lakini kinaahirisha ujenzi wa mtambo.

Uwiano wa mzigo wa wastani kwa mzigo wa kilele ndio unaoonyesha jinsi mtandao unavyotumika. Mtandao wenye kilele cha megawati 100 na uwiano wa asilimia 60 huuza megawati-saa 525,600 kwa mwaka. Uwiano ukishuka, mitambo na nyaya ni zilezile, uniti zinazouzwa zinapungua, na gharama ya kila uniti inapanda.

Hapa ndipo suala la kupikia linapoingia kwa kishindo. Chukulia kijiji cha kaya 500 ambazo kila moja hutumia wati 50 kwa taa, redio na simu. Mzigo wake wa jioni ni kilowati 25. Nusu ya kaya hizo zikiwasha jiko la kilowati moja kwa wakati mmoja, mzigo huongezeka kwa kilowati 250, mara kumi ya ule wa awali, na saa yenyewe ni ileile ya jioni. Mamlaka ya udhibiti ya Uganda imeweka bei ya chini kwa uniti zinazotumika kupikia, kwa nia ya kutumia umeme uliopo na kuokoa misitu. Nia hiyo ina mantiki ukitazama mitambo. Ukitazama transfoma ya kijiji, ambayo iliwekwa kwa kuhesabu taa, jambo linabadilika. Umeme wa ziada uliopo Karuma haufiki kwenye sufuria iwapo transfoma imeungua saa moja na nusu jioni.

Transfoma huwekwa kwa miezi, njia kuu kwa miaka michache, bwawa kwa muongo. Bajeti, hata hivyo, hupenda mpangilio uliogeuzwa: bwawa lina jiwe la msingi na uzinduzi, ilhali transfoma mia tano hazina sherehe.

5.0 Mita isiyoona

Kosa lililojificha kuliko yote ni kusoma mzigo wa kipindi cha mgawo kana kwamba ni mahitaji. Miaka ya 2005 na 2006 inatoa funzo la wazi. Uganda wakati huo ilitegemea mabwawa mawili ya Jinja: Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na ambalo lina uwezo wa megawati 180, na Kiira, lililokamilishwa baadaye likiwa na uwezo wa megawati 200. Katika jedwali la uwezo, mabwawa hayo yalisomeka kama megawati 380. Lakini yote mawili hunywa maji ya Ziwa Viktoria mahali pamoja. Bwawa la pili liliongeza mitambo, halikuongeza ziwa.

Kiasi cha maji kinachoachiliwa kutoka ziwani kilipaswa kufuata kanuni iliyokubaliwa tangu ukoloni, ambayo huoanisha kina cha ziwa na mtiririko wa mto ulivyokuwa kabla ya bwawa. Ukame ulipofika, maji yaliyoachiliwa yalizidi kanuni hiyo, na kina kikashuka kwa sababu mbili kwa pamoja: mvua chache na mkono wa binadamu. Wavuvi na bandari za nchi tatu waliona athari zake. Hatimaye maji yalipunguzwa, mgawo mkali ukaanza, mitambo ya dizeli ikakodishwa, na bei ikapanda mwaka 2006.

Mita za miaka hiyo zilionyesha mzigo uliobanwa. Aliyefunga kiwanda hakuonekana. Aliyenunua jenereta hakuonekana. Mpangaji ambaye angechora mstari kupitia namba hizo angehitimisha kwamba Waganda wamepunguza hamu ya umeme. Njia inayofaa ni kurejesha kile kilichokatwa: kuhesabu saa za mgawo kwa kila laini, kuzidisha kwa mzigo wa kawaida wa laini hiyo, na kujumlisha jenereta zilizoagizwa kutoka nje. Ni kazi ya kuchosha, na hutegemea daftari la zamu kuwa limejazwa kwa uaminifu.

Mabwawa yaliyofuata, Bujagali la megawati 250 mwaka 2012, Isimba la megawati 183 mwaka 2019, na Karuma, yote yako katika mto uleule chini ya Jinja. Maji yaleyale huzungusha mitambo mara nne kabla ya kufika Ziwa Albert. Huo ni ufanisi, na ni hatari vilevile, kwani mwaka wa ukame hautagonga mlango mmoja.

6.0 Nani hulipia makosa

Upungufu huonekana, kwani taa huzimika. Ziada ni kimya. Wawekezaji wa mabwawa, hasa wa sekta binafsi kama ilivyokuwa Bujagali, hudai mkataba unaolipa uwezo wa mtambo kuwepo tayari, umeme uchukuliwe usichukuliwe. Bila sharti hilo mabenki hayatoi mkopo. Kwa hiyo kila megawati iliyopangwa mapema kuliko mzigo wake huwa deni linalogawanywa kwa uniti chache zilizouzwa. Bei hupanda, mteja mdogo hupunguza matumizi, uniti zinazouzwa hupungua zaidi. Uhitaji ulitajwa bungeni ili kuhalalisha bwawa, lakini ankara hugawanywa kwa mzigo.

Hii haimaanishi kwamba kungoja ni busara. Gharama ya mgawo wa 2006 kwa viwanda na hospitali ilikuwa kubwa, na dizeli iliyochomwa ilikuwa ghali kuliko maji yoyote. Mpangaji huchagua kosa analoweza kulibeba. Kinacholalamikiwa hapa ni kwamba uchaguzi huo hufichwa ndani ya neno.

7.0 Jirani anahesabiwa mara ngapi?

Jibu linalotolewa mara kwa mara kwa ziada ni kuuza nje. Si wazo geni. Bwawa la Owen Falls lilianza kuiuzia Kenya umeme tangu miaka ya 1950, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulilishwa kutoka Uganda kwa miaka mingi kwa sababu gridi ya Tanzania haikuwa imefika. Leo kuna Umoja wa Umeme wa Afrika Mashariki, ulioundwa mwaka 2005 na wenye makao Addis Ababa, na njia mpya za msongo mkubwa zinaunganisha Ethiopia na Kenya, Kenya na Tanzania, Uganda na Rwanda.

Hoja ya kuunganisha gridi ni kwamba vilele vya nchi havigongani. Saa za Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Kampala kwa saa moja, hivyo hudhaniwa kwamba vilele vyake hufuatana. Dhana hiyo inahitaji tahadhari. Kigali iko magharibi ya Kampala kwa nyuzi mbili na nusu tu, na jua huzama huko dakika kumi hivi baadaye, ukutani saa ziwe zinasema zinavyosema. Taa huwashwa karibu wakati mmoja. Faida halisi iko kwenye mvua na vyanzo: nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa kati ya Juni na Septemba, bonde la Rufiji kati ya Novemba na Mei, na jotoardhi ya Olkaria haijali mvua. Hapo ndipo nchi moja inaweza kufidia nyingine.

Ugumu unakuja katika kuhesabu wanunuzi. Kenya, ambayo kilele chake kimevuka megawati 2,000, inanunua megawati 200 kutoka Ethiopia tangu mwishoni mwa 2022 kwa mkataba wa miaka mingi. Uganda inaihesabu Kenya kama mnunuzi. Tanzania, baada ya kukamilisha bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, nayo inatazama kaskazini. Kila mpango, ukisomwa peke yake, unapendeza. Ukiipanga mitatu mezani, jioni ileile ya Nairobi imeuzwa mara tatu.

Na hata mwenye ziada anaweza kuwa mnunuzi. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba kuusafirisha kutoka kusini mashariki kunapoteza mwingi njiani. Wengi walishangaa, ilhali ni hesabu ileile ya Kagera ikiwa imegeuzwa: megawati ina mahali pake, na ziada ya taifa si ziada ya Arusha. Umeme wa pamoja wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, unaonyesha njia iliyo wazi zaidi, kwa kuwa wanunuzi walijulikana kwa majina na kwa mafungu kabla ya zege kumwagwa.

Kwa hiyo, katika jedwali la maoteo la kikanda, mauzo ya nje yangefaa kuandikwa katika safu tatu zisizojumlishwa: yaliyo na mkataba uliosainiwa, yenye megawati, bei na tarehe; yaliyo na makubaliano ya awali tu; na yanayotarajiwa kutokana na ukuaji wa jirani. Ni safu ya kwanza pekee inayostahili jina la mahitaji kwa maana iliyopendekezwa hapa. Safu ya tatu ni uhitaji wa watu wa nchi nyingine, ambao shirika lao la umeme nalo limekwisha kuuhesabu. Washauri wanaotayarisha mihtasari ya Kiswahili kwa ajili ya kamati za bunge wanaweza kuanza na hatua ndogo zaidi ya hiyo: kila penye neno “mahitaji”, waandike pembeni saa, mahali na anayelipa.